Barabara ya Majirani: Kutoka Iringa hadi Matema

Jumatatu, Iringa

Tanzania inapakana na nchi 8, na 5 kati ya hizo, yaani Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi, hazina pwani ya bahari. Jambo hilo limetupa nguvu ambayo hatukuitolea jasho, kwa sababu jirani anayetaka kuuza shaba au kununua mafuta hana budi kupita kwa mwenye bandari, na mara nyingi mwenye bandari ni sisi. Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Iringa, na kila ninapofika kwenye mada ya mambo ya nje nawaona wanafunzi wakinakili majina ya jumuiya na tarehe za mikataba kana kwamba uhusiano wa nchi na nchi umefungiwa kabatini huko Dodoma. Likizo hii nimeamua kuifuata barabara ya TANZAM, itokayo Dar es Salaam hadi Zambia, kuelekea mipaka ya Zambia na Malawi, na kuandika kila jioni niliyoyaona pamoja na ninayoyafahamu kuhusu mahali nilipo.

Pale Ipogolo, chini ya mji, malori yenye namba za Zambia na za Kongo yamepaki bega kwa bega na yetu. Barabara hii ilipata umuhimu wake kwa shida ya jirani. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wazungu ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, na Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ijitawale, ikajikuta sehemu kubwa ya shaba yake na karibu mafuta yake yote yanategemea reli ya mtu ambaye sasa ni adui. Malori yakaanza kubeba mapipa ya mafuta kutoka Dar es Salaam kupitia huku, kwenye barabara ya udongo iliyokuwa ikigeuka tope kila masika, na ajali zikawa nyingi mno. Mwezi uliofuata tangazo hilo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza, iliyoshindwa kuizuia Rhodesia hiyo hiyo, ikakosa mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao ilikuwa imeahidiwa. Ni vigumu kumweleza kijana wa leo uzito wa uamuzi ule, kwamba nchi maskini iliacha fedha ambazo tayari ilikuwa imezipangia kazi.

Wilayani Kilolo, si mbali sana na hapa, ndiko ilikokuwa kambi ya Mgagao, ambamo wapiganaji wa ZANU, chama cha ukombozi cha Zimbabwe, walipata mafunzo, na ambamo mwaka 1975 maofisa wao waliandika azimio la kumkataa kiongozi wao Ndabaningi Sithole, azimio lililomfungulia njia Robert Mugabe. Sehemu ya historia ya Zimbabwe, basi, iliandikwa katika baridi ya Uhehe.

Jumanne, Makambako

Kuanzia Mafinga hadi hapa barabara inapita kwenye misitu ya misonobari na mashamba ya mahindi, na hakuna mengi ya kuandika kwa upande wa mada yangu hadi unapoukuta mji wa Makambako, mahali ambapo reli ya TAZARA, baada ya kuupanda ukingo wa nyanda za juu kutoka Mlimba, inakutana na barabara kuu. Kipande hicho cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, kwa sababu ya makorongo, udongo unaoporomoka na mahandaki yaliyolazimika kutobolewa milimani.

Nataka nilikalie jambo la TAZARA, kwa maana ndilo ninaloliona kuwa kiini cha uhusiano wetu na Zambia. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikuwa zimesema reli hiyo haitalipa. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wakaenda China, mkataba ukasainiwa Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa rasmi. Mkopo haukuwa na riba. Wachina zaidi ya 60 walipoteza maisha kazini.

Hayo yanafahamika. Kinachosemwa kwa nadra ni namna reli hiyo ilivyomilikishwa. Ni mali ya nchi mbili, nusu kwa nusu, ingawa sehemu iliyo ndani ya Tanzania ni ndefu zaidi, na ingawa bandari ni yetu. Sheria yake iliweka makao makuu Dar es Salaam, lakini ikataka Mkurugenzi Mtendaji awe Mzambia na naibu wake awe Mtanzania. Mpangilio huo umelalamikiwa kwa miaka mingi, na walalamikaji wana hoja, kwa sababu maamuzi madogo yamekuwa yakisubiri mawaziri wa pande mbili wakutane. Mimi nauona kwa jicho tofauti. Mwaka 2014/15 mzigo uliosafirishwa ulishuka chini ya tani 100,000, wakati reli ilijengwa ili ibebe tani milioni 2 kwa mwaka. Kama ingekuwa ya nchi moja, huenda ingeachwa ife. Kwa kuwa ilikuwa ya wawili, hakuna aliyeweza kuondoka mezani bila kumwonyesha mwenzake mgongo, na hivyo wakaendelea kukutana, kugombana na kukutana tena, hadi Septemba 2024 marais wa nchi hizo mbili na wa China waliposhuhudia kusainiwa kwa hati ya makubaliano ya kuifufua, na mwaka uliofuata kampuni ya CCECC ya China ikakubali kuwekeza dola bilioni 1.4 kwa mkataba wa miaka 30.

Chini ya ardhi kuna ndugu yake TAZARA ambaye hazungumzwi sana. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968, kabla reli haijaanza kujengwa, na tangu 2023 linasafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi. Theluthi mbili ni mali ya Zambia na theluthi moja ni yetu. Kwa hiyo kuna mali ya Zambia iliyolala chini ya mashamba ya viazi ya Watanzania kwa zaidi ya miaka 50, na wenye mashamba wanalima juu yake.

Jumatano, Mbeya

Nimepita Igawa na Chimala bila kushuka. Kwenye mteremko wa Inyala, pale wenyeji wanapopaita Pipeline, kondakta aliwaambia abiria wafunge mikanda. Ni mahali palipokwisha kuchukua roho nyingi, na malori ya mizigo ya nchi jirani ni sehemu ya sababu. Wakazi wa Mbeya wanaibeba diplomasia ya usafirishaji kwa namna ambayo haiandikwi kwenye hati yoyote: foleni, moshi, na misiba ya ajali. Upanuzi wa barabara unaoendelea hapa jijini ni deni kwa wakazi hao kabla ya kuwa huduma kwa Zambia.

Stesheni ya TAZARA ya Mbeya ni jengo kubwa kuliko mahitaji yake ya leo. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini kwa muda mrefu. Dari ni la juu sana, sakafu imesuguliwa hadi inang'aa, na sauti ya mtu mmoja anayezungumza kwa simu inasikika pembe zote. Waliolijenga walitarajia watu wengi.

Mbeya ina kumbukumbu nyingine, ya Malawi. Katika miaka ya 1980 vita vya Msumbiji viliziharibu reli za kwenda Nacala na Beira, na Malawi, ambayo mizigo yake karibu yote ilipitia huko, ikalazimika kutafuta bahari upande wa kaskazini. Ndipo ilipoanzishwa bohari ya Malawi Cargo hapa Mbeya: mafuta na mbolea vinafika kwa reli kutoka Dar es Salaam, kisha vinapakiwa kwenye malori ya kwenda Karonga, kaskazini mwa Malawi. Wakati huo Malawi haikuwa jirani mwepesi. Rais Kamuzu Banda alikuwa amefungua uhusiano wa kibalozi na serikali ya makaburu mwaka 1967, wakati sisi tulikuwa mwenyeji wa Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapinzani wake, kina Kanyama Chiume na Henry Chipembere, walipewa hifadhi Tanzania. Na mwaka 1968 alidai hadharani kwamba maeneo kadhaa ya majirani zake ni ya Malawi. Hata hivyo njia ya kaskazini ilifunguliwa. Natamani kitabu cha kidato cha nne kingetaja jambo hilo angalau kwa aya moja.

Alhamisi, Tunduma

Baada ya Mlowo na Vwawa foleni ya malori inaanza kuonekana kabla hujauona mji. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliopitiwa na mstari. Wanyamwanga wako pande zote mbili, na wanawake wenye ndoo za nyanya wanavuka kwenda na kurudi kama mtu anayetoka jikoni kwenda uani. Wabadilishaji fedha wanakaa kando ya njia na mabunda ya kwacha na shilingi mapajani.

Kituo cha utoaji huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa tarehe 5 Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Zamani lori lilikaguliwa upande huu likamalizana na maofisa wetu, kisha likasogea hatua chache likakaguliwa upya na wale wa upande wa pili. Sasa lori linalotoka Tanzania halisimami upande wetu. Linaingia moja kwa moja Nakonde, na humo maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja, mmoja akigonga muhuri wa kutoka na mwenzake wa kuingia. Lile linalotoka Zambia linafanya hivyo upande wetu. Jambo hili linadai imani kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu ofisa wa Zambia aliyekaa kwenye ardhi ya Tanzania anatekeleza sheria za Zambia, na mabunge ya nchi zote mbili yalilazimika kuliruhusu hilo kwa sheria.

Dereva mmoja, mtu mzima wa Mbozi anayekwenda Lubumbashi, alikuwa amekaa kivulini chini ya trela akisubiri wakala wake wa forodha. Nilimwamkia, nikamweleza kazi yangu, akanifungulia bahasha ya plastiki aliyoifunga kwa mpira.

"Hii hapa ndiyo nchi zote, mwalimu," aliniambia. "Ukipoteza moja tu, unalala hapa."

Ndani mlikuwa na pasipoti, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nyaraka za mzigo, karatasi yenye namba ya lakiri ya kielektroniki iliyofungwa mlangoni mwa kontena, na kadi ya njano ya bima ya COMESA. Kadi hiyo ndiyo niliyoishika kwa muda. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, ikabaki SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati Zambia na Malawi zimebaki katika COMESA na SADC. Bado kadi ile inatumika, kwa sababu tulipoondoka kwenye soko lao hatukuondoka kwenye bima yao. Gari la Mtanzania likigonga mtu Ndola, anayeumia analipwa. Ni busara ya kiofisi ambayo hakuna aliyeipigia makofi, na inawafaa watu kila siku.

"Mzee, na ucheleweshaji je?" nilimuuliza.

"Hapa siku hizi kuna nafuu. Kazi iko mbele, Kasumbalesa. Zambia na Kongo wakikorofishana, sisi huku tunajua kabla ya redio."

Alikuwa na maana ya Agosti 2024, Zambia ilipofunga kwa muda mipaka yake na Kongo katika mzozo wa biashara ya vinywaji. Foleni ilirudi nyuma hadi huku. Nchi kubwa yenye bandari inaweza kudhani kwamba majirani zake wanaitegemea bila wao kutegemewa, lakini siku zile madereva wetu, mawakala wetu na mama ntilie wa Tunduma walikuwa wakingoja uamuzi wa serikali ambazo hawazipigii kura.

Zambia nayo imepakana na nchi 8, na ina njia nyingi. Inaweza kupeleka shaba Durban, Beira au Walvis Bay, na sasa Marekani na Umoja wa Ulaya wanaiunga mkono njia ya reli ya Angola hadi bandari ya Lobito. Mabamba ya shaba niliyoyaona leo yakiingia Tanzania, yamefungwa kwa mikanda ya chuma na kufunikwa turubai, yamekuja huku kwa sababu mwenye mzigo alipiga hesabu ya siku na gharama. Kila siku ya ziada kwenye foleni ni siku tunayoihesabia Lobito.

Ijumaa, Tukuyu hadi Kasumulu

Nilirudi Mbeya usiku, na asubuhi nikashika njia ya Uyole kushuka Rungwe. Hapa kila kitu ni kijani: chai, parachichi, na migomba iliyosongamana hadi kwenye kuta za nyumba. Sokoni Kiwira wanaume walikuwa wakipanga mikungu ya ndizi kwenye Fuso, tabaka juu ya tabaka, wakiweka majani makavu katikati ili isichubuane.

Ndizi hizi zilikuwa kisa cha mzozo wa mwaka 2025. Mwezi Machi, Malawi, iliyokuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, ilipiga marufuku kuingiza bidhaa kadhaa, zikiwemo mchele, unga wa mahindi, tangawizi na ndizi. Katikati ya Aprili Waziri wa Kilimo, Hussein Bashe, alitoa siku chache za kusubiri, na zilipokwisha Tanzania ikazuia mazao yote ya kilimo kutoka Malawi, pamoja na ya Afrika Kusini iliyokuwa imekataa ndizi zetu kwa miaka mingi, na ikatishia kuzuia pia mbolea ya kwenda Malawi. Haikuchukua muda zuio likalegezwa ili mazungumzo yafanyike, na mapema Mei Waziri wa Mambo ya Nje wa Malawi, Nancy Tembo, alikuwa Dodoma.

Naielewa hasira ya mkulima wa Rungwe ambaye mzigo wake uliozea mpakani, na sikubali kwamba ukubwa wa nchi unamlazimu aumie kimya. Tishio la mbolea, hata hivyo, lilinisumbua. Mbolea ile inaingia kupitia bandari yetu kwa sababu Malawi haina bandari, na shamba la Karonga likikosa mbolea kwa msimu mmoja, njaa haiwapati mawaziri waliotunga marufuku. Mwenye bandari akishaifanya bandari kuwa fimbo mara moja, jirani ataanza kuitafuta njia nyingine hata baada ya kusameheana, na hapo Nacala iko karibu.

Kasumulu, mpakani na Malawi, ni mji wa joto, mchele na vumbi. Kinyakyusa cha upande huu na Kingonde cha Karonga vinaelewana, na nilimsikia mama mmoja akipatana bei darajani na mteja wa ng'ambo bila hata mmoja kubadili lugha. Alinionyesha mto. Songwe, aliniambia, si mto wa kuaminika. Shamba la baba yake mkubwa liliwahi kuamka liko upande wa pili.

"Mto ulihama, baba. Watu hawakuhama."

Huo ni ukweli wa kijiografia. Kwenye tambarare ya chini Songwe hubadili mkondo mafuriko yanapokuja, na kwa kuwa mto ndio mpaka, kila mafuriko makubwa huzua swali la uraia wa mashamba. Serikali mbili zingeweza kuligeuza hilo kuwa ugomvi wa ramani. Badala yake zilianzisha mpango wa pamoja wa bonde la mto, zikasaini mkataba mwaka 2017 na kuunda Tume ya pamoja ambayo ofisi yake iko Kyela, yenye kazi ya kuimarisha kingo, kujenga bwawa la kuzalisha umeme na kumwagilia mashamba ya pande mbili. Bwawa bado halijajengwa, na fedha ndizo zinazotafutwa. Hata hivyo Tume ipo, na wahandisi wa nchi mbili wanajadili vipimo vya maji wakiwa meza moja.

Jumamosi, Matema

Njia ya Ipinda imenifikisha Ziwa Nyasa kabla ya saa nne. Milima ya Livingstone inashuka hadi majini, na kwenye soko la Lyulilo wanawake wa Kikisi walikuwa wamekwisha kushusha vyungu vyao kutoka kwenye mitumbwi, vikiwa vimepangwa mchangani kwa ukubwa. Mmoja wao aliingia majini hadi magotini kukisuuza chungu ambacho mteja alikitilia shaka. Alikigonga kwa vidole, akamsikilizisha mlio wake, akakirudisha mchangani.

Kwa mujibu wa msimamo wa Malawi, mama huyo alipolowesha miguu alikuwa ameingia Malawi. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulisema mpaka unafuata ufuko wa mashariki, kaskazini na magharibi wa ziwa hadi mlango wa Mto Songwe, na Malawi inaushikilia mstari huo pamoja na azimio la OAU la Cairo la 1964 la kuheshimu mipaka ya wakoloni, azimio ambalo Tanzania yenyewe ililipigania. Tanzania inasema mpaka upite katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya maziwa na mito mingi inayogawa nchi, na kwamba mkataba ule ule uliruhusu marekebisho kulingana na mahitaji ya mahali. Nilisomeshwa upande wetu tu, na ninaamini una haki. Lakini hoja ya Cairo ni nzito, na mwanafunzi wa Kitanzania anapaswa kuisikia kutoka kwa mwalimu wake kabla hajaisikia kwa Mmalawi. Hoja yetu nzuri kuliko zote naiona kwa jirani wa kusini: mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kuuhamisha mpaka wa ziwa hili upande wa Msumbiji kutoka ufukoni hadi katikati. Kama wakoloni wawili waliweza, mstari huu si kitu kisichogusika.

Mwaka 2012 joto lilipanda, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na suala likapelekwa kwa jopo la viongozi wastaafu chini ya Joaquim Chissano, pamoja na Thabo Mbeki na Festus Mogae. Hukumu haijatoka, na hakuna risasi iliyopigwa, jambo ambalo nalihesabu kuwa mafanikio.

Mvuvi niliyemkuta akikunja nyavu alisema mbasa wamepungua, na wenzake wa Karonga wanasema hivyo hivyo. Samaki huyo hupanda mito kutaga, na nyavu zenye macho madogo zinazotegwa milangoni mwa mito zinamwahi kabla hajataga. Sioni sababu ya mbasa kusubiri jopo. Tanzania, iliyo kubwa zaidi na yenye bandari, ndiyo inayoweza kuanza: ipendekeze chombo cha hadhi ya ile Tume ya Songwe kwa ajili ya sehemu yote ya kaskazini ya ziwa, chenye kifungu kinachotamka wazi kwamba kukaa humo hakubadili msimamo wa nchi yoyote kuhusu mpaka, na kianze na macho ya nyavu, miezi ya kufunga uvuvi, usajili wa mitumbwi na uokoaji wa wanaozama. Ofisi tayari iko Kyela, umbali mfupi kutoka hapa.